Mishipa ya Fahamu ya Jengo: Kuhuisha Mitambo ya Udhibiti katika Viwanja vya Ndege

Mtu anayepita katika machimbo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, iwe Nyarugusu mkoani Geita au katika vijiji vya Kahama mkoani Shinyanga, aghalabu husikia mngurumo wa mashine ya kupuliza hewa kwenye mdomo wa duara. Bomba hushuka kutoka kwenye mashine hiyo hadi chini, mahali wachimbaji wanapoufuata mwamba wenye dhahabu. Mchimbaji aliye chini ndiye wa kwanza kutambua kwamba hewa imekuwa nzito: kifua humbana na kichwa huanza kumuuma. Hapo huvuta kamba. Mwenzake aliye juu huielewa ishara hiyo, huamua la kufanya, kisha huongeza nguvu ya mashine. Baada ya muda kamba huvutwa tena kuarifu kwamba hali imekuwa njema.

Mambo hayo manne, yaani kuhisi, kuamua, kutenda na kurejesha habari, ndiyo msingi wa elimu ya udhibiti. Kwa duara moja lenye watu wachache, kamba na mtu mmoja makini hutosha. Lakini yapo majengo ambayo maelfu ya watu hupita ndani yake kila siku, nayo yana mamia ya feni, taa, milango, pampu, lifti na ving'ora. Hapana mkono wa mtu mmoja unaoweza kuyaongoza hayo yote. Jengo la abiria la kiwanja cha ndege ni mojawapo ya majengo hayo.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jengo la namna hiyo linavyoongozwa, kwa nini mitambo yake ya udhibiti huchakaa mapema kuliko kuta zake, na namna mitambo hiyo inavyoweza kubadilishwa huku ndege zikiendelea kutua na kuruka. Suala hili haliko mbali na wakazi wa Shinyanga na Geita. Mkoani Geita kimejengwa kiwanja kipya cha ndege huko Chato. Mkoani Shinyanga, kiwanja cha Ibadakuli, kilichotumia changarawe kwa miaka mingi, kiliingizwa katika mpango wa kujengwa kwa lami pamoja na jengo jipya la abiria. Tena wasafiri wa mikoa hiyo miwili hupitia Mwanza, Dar es Salaam na Nairobi. Inafaa basi tujue ni kitu gani kinachomlinda msafiri anapoketi katika ukumbi wa kungojea ndege.

Kihisi, kidhibiti na kitendaji

Tuanze na joto. Mtu mzima aliyeketi kwa utulivu hutoa joto la wati zipatazo 100, kiasi kile kile cha balbu ya zamani ya wati 100. Ukumbi wenye wasafiri 1,000 ni sawa na ukumbi uliowashwa balbu 1,000 za aina hiyo, bila kuhesabu jua linalopiga kwenye vioo na paa, wala mashine za kukagulia mizigo. Hewa nayo hubadilika. Hewa ya nje ina sehemu zipatazo 420 za gesi ya kabonidayoksaidi katika kila sehemu milioni moja. Ndani ya ukumbi uliojaa watu na usiopitisha hewa vizuri, kiasi hicho huvuka 1,000 kwa urahisi, na watu huanza kusinzia na kulalamika.

Kazi ya kwanza ya udhibiti ni kuhisi. Ukutani, darini na ndani ya mikondo ya hewa huwekwa vyombo vidogo vinavyoitwa vihisi. Kimoja hupima joto, kingine gesi, kingine unyevu, kingine moshi. Kazi ya pili ni kuamua. Hii hufanywa na kidhibiti, yaani kompyuta ndogo iliyofungwa ndani ya sanduku la chuma, ambayo hulinganisha kipimo kilicholetwa na kipimo kinachotakiwa. Kazi ya tatu ni kutenda. Kidhibiti hukiamuru kitendaji, ambacho huenda kikawa mota inayofungua kilango cha hewa, vali ya maji baridi, au chombo kinachobadili kasi ya feni. Kisha kihisi hupima tena, na mzunguko huanza upya.

Mzunguko huo una faida kubwa katika matumizi ya umeme. Kanuni ya feni inasema kwamba nguvu inayohitajika hubadilika kwa kadiri ya kasi iliyozidishwa kwa yenyewe mara tatu. Feni inayokula kilowati 30 kwa kasi kamili, ikipunguzwa hadi asilimia 80 ya kasi hiyo, huhitaji kilowati 15 hivi, kwa sababu 0.8 × 0.8 × 0.8 ni 0.512. Ikipunguzwa hadi nusu ya kasi, huhitaji chini ya kilowati 4. Katika matumizi halisi akiba hiyo hupungua kidogo kwa sababu mota nayo hupoteza nguvu, lakini mwelekeo haubadiliki. Ukumbi uliobaki na wasafiri 20 usiku hauhitaji hewa ya watu 1,000. Kidhibiti kinachojua hivyo huokoa fedha nyingi, na kisichojua huziteketeza hadi asubuhi.

Waya unaponyamaza

Kihisi hupelekaje habari zake? Katika mitambo mingi, migodini, viwandani na hata katika majengo makubwa, habari hupelekwa kwa mkondo mdogo wa umeme ulio kati ya miliampia 4 na 20. Tuseme kihisi kimewekwa kupima nyuzi 0 hadi 50 za Sentigredi. Miliampia 4 itakuwa na maana ya nyuzi 0, miliampia 20 nyuzi 50, na miliampia 12, iliyo katikati, nyuzi 25.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini hesabu hiyo haikuanzia kwenye sifuri. Jibu lake lina hekima. Kipimo cha chini kikianzia miliampia 4, sifuri hubaki na maana moja tu: waya umekatika, au kihisi kimekufa. Lau kipimo cha chini kingekuwa sifuri, waya uliotafunwa na panya ungesoma sawasawa na baridi kali, na kidhibiti kingezima viyoyozi wakati ukumbi unawaka joto. Wahandisi walioweka kanuni hii waliona kwamba chombo cha kupimia hakina budi kutofautisha kati ya "hakuna kitu" na "sijui". Mchimbaji aliye juu ya duara anaijua tofauti hiyo: kamba isiyovutwa huenda ikawa ni dalili ya usalama, au ni dalili kwamba aliye chini hawezi tena kuivuta.

Hata hivyo kanuni hiyo humfichua kihisi aliyekufa tu, haimfichui anayedanganya. Kihisi kinachozeeka, au kilichofunikwa na vumbi, huendelea kupeleka miliampia zake kama kawaida, ila kipimo chake huwa kimeteleza. Husema nyuzi 24 ilhali ukumbi una nyuzi 29. Hapana king'ora kitakacholia, maana kwa upande wa kompyuta mambo yote ni shwari.

Mwalimu na mhudumu wa shule

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1883 mwalimu mmoja wa Marekani, Warren Johnson, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha ualimu huko Whitewater katika jimbo la Wisconsin, alipata hataza ya chombo cha umeme cha kuarifu joto la chumba. Katika chuo chake mhudumu alilazimika kuingia darasa baada ya darasa kusoma vipimajoto, kisha kushuka chini kurekebisha tanuri la joto. Johnson alichoshwa na masomo kukatizwa, akabuni chombo kilichompelekea mhudumu habari huko huko aliko. Baadaye alitengeneza mitambo iliyotumia hewa iliyobanwa kufungua na kufunga vali zenyewe.

Mitambo ya hewa iliyobanwa ilitawala majengo makubwa kwa miongo mingi. Katika miaka ya 1970 na 1980 ilianza kufuatwa na vidhibiti vya kompyuta. Tatizo jipya likazuka: kila kiwanda kilivipa vidhibiti vyake lugha yake ya siri. Mwenye jengo aliyenunua kwa kiwanda kimoja alifungwa nacho daima, na kiwanda hicho kikifa au kikiacha kutengeneza vipuri, jengo lake hubaki bubu. Kwa ajili hiyo, kuanzia mwaka 1987 wahandisi walishughulikia lugha ya pamoja ya vidhibiti, iliyotangazwa mwaka 1995 kwa jina la BACnet, na mwaka 2003 ikakubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa. Leo mnunuzi mwangalifu hudai lugha iliyo wazi ya namna hiyo kabla ya kuuliza bei.

Jengo hudumu, udhibiti huchakaa

Zege iliyomwagwa vizuri hudumu zaidi ya nusu karne. Mitambo ya kupozea hewa hudumu miaka 20 au zaidi ikitunzwa. Vidhibiti na vihisi, kwa kawaida, huwa vimepitwa na wakati baada ya miaka 15 hadi 20. Kwa hiyo jengo moja huhitaji kubadilishiwa mishipa yake ya fahamu mara mbili au tatu katika uhai wake.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Jengo la pili la abiria la Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, lililosanifiwa na Mfaransa Paul Andreu, lilifunguliwa mwaka 1984. Lilikusudiwa kuhudumia abiria wapatao milioni 1.5 kwa mwaka. Kabla ya jengo la tatu, lenye uwezo wa abiria milioni 6, kuanza kutumika mwaka 2019, kiwanja hicho kilikuwa kikipitisha abiria zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, walio wengi katika jengo hilo la 1984. Ongezeko la namna hiyo humaanisha joto zaidi, mizigo zaidi, nyaya zaidi na maduka zaidi, wakati mitambo iliyokusudiwa kuongoza hayo yote ilipangwa kwa hesabu ya zamani.

Mitambo mikongwe haifi kwa kishindo. Hufa kwa kurukwa kidogo kidogo. Kwenye sanduku la feni huwapo swichi yenye sehemu tatu: "zima", "mkono" na "yenyewe". Siku moja kihisi huharibika, feni husimama, abiria hulalamika. Fundi wa zamu, ambaye hana kihisi cha akiba, huigeuza swichi kwenye "mkono", feni huzunguka, na malalamiko hukoma. Fundi huyo hakukosea. Alitimiza wajibu wake kwa kile alichokuwa nacho. Kosa huanza pale swichi hiyo inapobaki hivyo kwa miezi, kisha ya pili na ya tatu zikafuata, mpaka kidhibiti kikawa mfalme asiye na raia. Kioo cha kompyuta huendelea kuonyesha picha nzuri zenye rangi, lakini amri zake hazifiki popote.

Joto ni usumbufu tu. Hatari ipo kwingine. Moto unapotokea, feni za kuingiza hewa hazina budi kusimama ili zisiulishe moto, feni za kuvuta moshi hazina budi kuanza, milango ya kutokea hufunguliwa, lifti huteremshwa mahali salama na kusimamishwa, na sauti ya tahadhari hutolewa. Feni iliyoachwa kwenye "mkono" haitaisikia amri hiyo.

Moshi na amri zake

Kwamba hofu hii si ya kubuni, historia inashuhudia. Tarehe 11 Aprili 1996 kazi ya kuchomelea chuma kwenye barabara iliyopita juu ya jengo la kiwanja cha ndege cha Düsseldorf, Ujerumani, iliwasha moto katika nafasi iliyofichika juu ya dari. Moshi ulienea haraka, na watu 17 walipoteza maisha. Baadhi yao walikuwa ndani ya lifti zilizowafikisha kwenye ghorofa yenye moto, milango ikafunguka ndani ya moshi. Lifti hizo zilifanya kile zilichoamriwa siku zote; hapakuwa na amri ya kuzizuia zisisimame pale.

Nchi hiyo hiyo ilitoa fundisho la pili. Kiwanja kipya cha Berlin Brandenburg kilitarajiwa kufunguliwa tarehe 3 Juni 2012. Wiki chache kabla ya siku hiyo ufunguzi uliahirishwa, na sababu kuu ilikuwa mitambo ya moto na ya kuvuta moshi, ambayo haikuweza kuthibitishwa kwamba ingefanya kazi kwa pamoja. Lilifikiriwa hata wazo la kuweka watu milangoni wafungue kwa mikono moto ukitokea. Kiwanja hicho kilifunguliwa tarehe 31 Oktoba 2020, yaani zaidi ya miaka 8 baadaye. Kuta zilikuwapo, vioo vilikuwapo, feni zilikuwapo. Kilichokosekana ni uhakika kwamba amri itatoka mahali pamoja na kufika kila mahali.

Mafunzo ya Nairobi

Karibu nasi zaidi ni Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Jomo Kenyatta, Nairobi, mojawapo ya viwanja vyenye shughuli nyingi kuliko vyote katika Afrika Mashariki. Majengo yake ya abiria yaliyofunguliwa mwaka 1978 yalikusudiwa abiria wapatao milioni 2.5 kwa mwaka. Kufikia mwaka 2013 abiria walikuwa wamezidi maradufu. Alfajiri ya tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza sehemu ya kuwasilia abiria wa kimataifa. Uchunguzi ulielekeza kwenye hitilafu ya umeme. Kwa bahati njema hakuna aliyekufa, lakini safari za kimataifa zilisimama, na kwa muda abiria walipokelewa katika mahema.

Baada ya miaka 10 likaja jaribio la aina nyingine. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima ya Kenya. Kiwanja kilikuwa na jenereta za akiba kwa ajili ya saa kama hiyo. Nyingine ziliwaka, lakini moja haikuwaka, na sehemu ya majengo ikabaki gizani huku abiria wakiwa ndani. Serikali ya Kenya ililieleza jambo hilo hadharani, na mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaondolewa kazini. Giza lilirudi tena kabla mwaka huo haujaisha.

Tuangalie jambo hilo kwa jicho la udhibiti. Jenereta haiwaki kwa sababu ipo. Kihisi hakina budi kutambua kwamba umeme wa gridi umekatika. Kidhibiti hakina budi kuamua. Betri ya kuwashia haina budi kuwa na chaji. Mafuta hayana budi kufika. Swichi ya kuhamisha mzigo haina budi kugeuka. Pingu moja ya mnyororo huu ikikatika, mashine ya mamilioni ya shilingi hugeuka kuwa pambo. Wala hakuna njia ya kujua kwamba mnyororo ni mzima ila moja: kuukata umeme kwa makusudi, mara kwa mara, mzigo halisi ukiwapo, na kutazama.

Kubadili bila kufunga milango

Kiwanja cha ndege hakiwezi kufungwa mwaka mzima ili kibadilishwe mishipa. Basi kazi hufanyika kama ukarabati wa kisima ambacho kijiji kizima bado kinateka maji yake. Hatua zake ni hizi.

Kwanza ni sensa. Mafundi hulizunguka jengo lote, hufungua kila dari na kila sanduku, na kuandika kila kihisi, kidhibiti na kitendaji kilichopo. Kila kihisi hulinganishwa na kipimo cha kuaminika. Kila swichi iliyoachwa kwenye "mkono" huandikwa pamoja na sababu yake. Hatua hii huonekana ya kuchosha, tena haina cha kuwaonyesha wageni rasmi, lakini ndiyo inayofichua ukweli. Mara nyingi michoro ya zamani huwa haifanani tena na jengo.

Pili ni kuandika jedwali la chanzo na matokeo. Upande mmoja huandikwa kila tukio: moshi katika ukumbi wa kuondokea, umeme kukatika, maji ya kuzimia moto kupungua. Upande wa pili huandikwa kila kitu kinachotakiwa kutokea, kwa utaratibu gani na ndani ya sekunde ngapi. Jedwali hili hutungwa na wahandisi pamoja na zimamoto, walinzi na wasimamizi wa abiria, wala haliachiwi muuzaji wa mitambo peke yake.

Tatu ni kuweka mitambo mipya kando ya ile ya zamani. Kati ya hizo mbili huwekwa chombo kinachofanya kazi ya mkalimani, kinachotafsiri lugha ya vidhibiti vikongwe kwenda kwenye lugha mpya. Kisha sehemu moja ya jengo huhamishwa baada ya nyingine, saa za usiku ambapo ndege ni chache. Kila usiku sharti kuwe na njia ya kurudi: ikifika saa iliyopangwa na kazi haijakamilika, waya za zamani hurudishwa ili asubuhi abiria wakute jengo linalofanya kazi.

Nne ni majaribio ya pamoja. Kujaribu feni peke yake na king'ora peke yake hakutoshi. Berlin ilitufundisha hivyo. Hutolewa moshi wa majaribio, hukatwa umeme, na jedwali husomwa mstari kwa mstari. Muda wa kurejea katika hali ya kawaida nao hupimwa. Tarehe 21 Machi 2025 moto katika kituo cha kupozea umeme karibu na London ulisababisha kiwanja cha Heathrow kufungwa karibu siku nzima, ukavuruga safari zaidi ya 1,300. Njia nyingine za umeme zilikuwapo. Kilichohitaji saa nyingi ni kuhamisha mzigo na kuwasha upya kwa usalama mitambo mingi iliyozimika.

Tano ni ulinzi wa mawasiliano. Vidhibiti vya zamani vilikuwa viziwi kwa ulimwengu wa nje. Vipya huzungumza kwa intaneti, na mlango unaopitisha fundi huweza kupitisha mwizi. Mwaka 2013 wahalifu waliiba habari za mamilioni ya kadi za wateja wa maduka ya Target ya Marekani baada ya kuingia kwa kutumia siri za kampuni iliyokuwa ikihudumia mitambo ya baridi. Kwa sababu hiyo mtandao wa feni na milango hutengwa na mtandao wa ofisi, na neno la siri la kiwandani hubadilishwa siku ya kwanza.

Mazingira yetu

Jengo dogo la abiria huko Ibadakuli au Chato halihitaji mitambo mikubwa kama ya Nairobi. Mara nyingi madirisha yaliyoelekezwa vizuri kwenye upepo, paa lenye kivuli na feni chache hushinda kiyoyozi cha gharama. Lakini kengele ya moto, taa za dharura, pampu ya maji na jenereta ya akiba ni lazima, na kila kimoja kati ya hivyo kina kihisi chake, kidhibiti chake na kitendaji chake.

Zaidi ya hayo, kanda hii ina adui zake. Wakati wa kiangazi vumbi la Shinyanga hupenya kila mahali, likaziba machujio na kuvipofusha vihisi vya moshi. Chujio linalodumu miezi 6 katika nchi yenye mvua nyingi huenda likahitaji kusafishwa mapema zaidi hapa. Ukanda wa Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa sana na radi, na kidhibiti kisicho na kinga nzuri ya radi na waya wa ardhini kinaweza kuungua kwa pigo moja. Umeme unaopanda na kushuka hufupisha uhai wa kompyuta. Mjusi na mdudu hupenda sanduku lenye joto. Mkataba wa kununua mitambo usiotaja mambo haya ni mkataba ulioandikwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Lakini kanda hii ina hazina yake pia, tena si dhahabu pekee. Mgodi wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000 na kuanza uchimbaji wa chini ya ardhi mwaka 2016. Mgodi wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001 nao huchimbwa chini ya ardhi. Katika migodi ya namna hiyo hewa hupelekwa kwa feni kubwa, gesi hupimwa, na maji huvutwa kwa pampu zinazoongozwa na vidhibiti. Maana yake ni kwamba wamo vijana wa kanda hii waliokwisha kujifunza kusoma miliampia 4 na miliampia 20, kufuatilia waya uliokatika, na kuheshimu kipimo. Migodi ina mwisho, kama mgodi wa Buzwagi karibu na Kahama, ulioanza mwaka 2009 na kukoma kuzalisha mwaka 2021, ulivyoonyesha. Ujuzi wa mafundi wake hauna sababu ya kufunikwa pamoja na shimo. Mafundi hao wanaweza kutunza viwanja vya ndege, hospitali na viwanda vya nchi hii, mradi wapewe michoro, vipuri na mamlaka ya kusimamisha kazi pale jaribio linaposhindwa.

Hitimisho

Kuhuisha mitambo ya udhibiti si kununua kompyuta mpya yenye kioo kipana. Ni kuupitia mnyororo mzima, kuanzia kihisi kilichojificha darini hadi feni iliyo juu ya paa, na kuhakikisha kwamba amri inayotoka inafika, na habari inayorudi ni ya kweli. Jengo linaloonekana zuri huku swichi zake zimeachwa kwenye "mkono" linamdanganya mwenyeji na mgeni kwa pamoja.

Wachimbaji makini hawangoji mwenzao azidiwe ndipo waijue kamba kama ni nzima. Huijaribu asubuhi, kabla mtu hajashuka. Viwanja vyetu vya ndege, vikubwa kwa vidogo, havihitaji hekima iliyo zaidi ya hiyo. Kila jenereta iwe na siku yake ya kujaribiwa, kila kihisi kiwe na tarehe yake ya kupimwa, na kila swichi iliyogeuzwa iwe na mtu aliyetia sahihi kwamba atairudisha.